Matone Mawili Kwenye Karatasi

Newala,
Mwezi wa nane.

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua ukifika hapa utasema "marahaba" kwa sauti, na Mama atauliza kutoka jikoni unaongea na nani. Mwambie ni mimi, Tumaini, na kwamba nimemwamkia na yeye. Natumaini baridi ya Makambako ya mwaka huu haijayaonea magoti yako, na lile sikio la kulia limetulia tangu ulipoanza dawa. Huku juu Newala nako asubuhi kuna ukungu na baridi kidogo. Wenyeji wanavaa makoti mazito, mimi wananishangaa navaa shati. Nawaambia waje kwetu mwezi wa saba waone.

Mimi ni mzima. Gari ni zima. Nimeziweka sentensi hizo mbili pamoja kwa makusudi, maana najua ya pili ndiyo unayoisubiri.

Sikutaka kukueleza mambo haya kwa simu. Kwenye simu unasema "haloo" mara sita, halafu unampa Mama, na Mama anataka kujua kama ninakula. Kwa hiyo nimekaa mezani na kuandika, na barua nitampa mwalimu mmoja wa Njombe anayekuja likizo wiki hii. Ndani ya bahasha utakuta karatasi nyingine ndogo iliyokunjwa mara mbili. Tafadhali usiifungue kwanza. Soma barua yote, au Mama akusomee, ndipo uifungue.

Baba, najua Kaka Festo amepata mnunuzi. Aliniandikia ujumbe kwamba ni mtu wa uhakika, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na anatafuta pikapu ya dizeli ya zamani, zile ngumu. Akasema wewe umeamua kwamba salfa, dawa ya mikorosho, ikiisha kupulizwa huku, gari lirudi nyumbani. Sikumjibu. Haikuwa kiburi. Mwaka jana gari nililiua kweli. Niliendesha mpaka tangi likakauka njiani, likanyonya uchafu wote uliotulia chini, pampu ya injini ikafa, na wewe ukauza mbao ulizokuwa umeweka kwa ajili ya paa la jiko. Uliyosema siku ile nayakumbuka yote: "Gari hilo limesomesha watoto wanne. Sikukupa ukalizike Newala." Kisha ukaongeza, kwa sauti ya chini, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba kuna mtu anayeendesha gari na kuna dereva, na mimi bado ni mtu anayeendesha.

Nimeishi na maneno hayo mwaka mzima. Nikiwa peke yangu barabarani nayasikia. Sikuyapinga, kwa sababu yalikuwa kweli. Lakini bila gari hili mimi ni afisa kilimo wa kukaa ofisini tu. Vijiji vyangu vimetawanyika, na huwezi kumwambia mkulima aangalie ugonjwa kwenye maua ya mkorosho wake kwa kumwandikia barua. Inabidi ufike, usimame chini ya mti, ushike tawi. Basi nilikuwa nahesabu wiki za salfa kama mtu anayehesabu siku za mgonjwa.

Sasa nikueleze kuhusu sheli.

Tangu msiba ule wa mwaka jana siliachi tangi lishuke hata kufikia robo. Mshale wa mafuta ulishakufa zamani, kwa hiyo naandika kilomita kwenye daftari na kujaza mapema. Maana yake ni kwamba naenda sheli mara nyingi kuliko mtu yeyote wa ofisini kwetu, na kama kuna mahali ambapo uvumilivu wangu unapimwa, ni hapo. Njiani huwa najizoeza cha kusema. Nitasema: habari za kazi, naomba dizeli, anza na sifuri, nipe risiti. Maneno machache tu. Lakini nikifika yanaanza mengine.

Kwanza, mdomo wa tangi letu uko kushoto, na upande huo wa pampu ndio bodaboda wameuchagua. Nikisubiri kwa adabu nafasi ipatikane, pikipiki tano zinapenya mbele yangu kama kuku kwenye ua. Nikiingia upande wa kulia, mpira wa mafuta unavutwa juu ya bodi mpaka unalia, na mjazaji ananitazama kama mimi ndiye niliyelitengeneza gari. Kisha nishuke, nifungue kifuniko kwa ufunguo wake wa pekee, na ile kamba ya kiatu uliyokifungia kisipotee inawachekesha wote. Hapo pampu haijarudi sifuri, na ukisema irudishwe wanaona umewaita wezi. Mashine ya risiti haina karatasi. Mtandao wa kulipia kwa simu umekwenda na utarudi sasa hivi. Chenji hakuna, chukua maji ya kunywa. Hivi nina chupa za maji nyumbani ambazo sikuwahi kuwa na kiu nazo.

Lakini yote hayo ni madogo. Kubwa ni kwamba hawaniulizi mimi. Siku moja nilikuwa nimembeba mzee mmoja asiyeona, nampeleka zahanati. Mjazaji akaupita mlango wangu, akazunguka mbele ya gari mpaka dirisha la yule mzee, akamwuliza kwa heshima kabisa, "Mzee, tuweke ya ngapi?" Yule mzee akasema, "Muulize anayeona."

Nilicheka mpaka nyumbani. Mimi nisingeweza kujibu vile. Unanijua, Baba. Maneno yangu huja baada ya nusu saa, nikiwa peke yangu, yakiwa yamepangwa vizuri na hayana wa kuyasikia. Nimeshinda magomvi mengi sana ndani ya gari lako, nikiwa nimeshaondoka.

Na kuna lile jambo la kidole. Wewe ndiye uliyenifundisha, tukiwa Songea, siku ile tunalileta gari huku. Ulisema kabla hujafunga tangi gusa tone lililobaki kwenye mdomo wake, lisugue kati ya vidole viwili. Petroli inakimbia kama mdeni, inakuachia baridi na ngozi kavu. Dizeli inakaa kama mkwe aliyekaribishwa chai. Nilikuwa nimechoka na njaa na sikukusikiliza vizuri, lakini mkono ulisikia. Tangu hapo sijawahi kufunga tangi bila kugusa. Pale sheli ya Newala walishanizoea. Wengine wananiuliza kama chumvi imekolea.

Basi wiki ile ninayotaka kukueleza, Newala mafuta yalikatika. Hiyo hutokea, lakini safari hii yalikatika katikati ya salfa, na hapo lazima nikueleze ujue uzito wake. Mikorosho ikitoa maua, kuna ugonjwa unaoyapaka maua weupe kama unga, na ukiyapata hakuna korosho. Dawa yake ni salfa, ambayo hupulizwa alfajiri kabla upepo haujaamka, kwa mashine za kubeba mgongoni. Mashine hizo zinatumia petroli. Ukichelewa siku tatu nne, ugonjwa haukusubiri.

Nina kikundi kimoja cha akina mama ninachokipenda kuliko vyote, ingawa haifai kusema hivyo. Mwenyekiti wao anaitwa Mama Somoe, mama wa makamo, mfupi, anayezungumza polepole na asiyesahau kitu. Wao hawakodi wanaume wa kupulizia. Wamenunua mashine zao na wanapuliza wenyewe, na kijijini wako watu wanaosubiri washindwe. Walikuwa wamebakiza nusu ya mashamba yao, petroli imekwisha, na maua yameanza kupata weupe. Mama Somoe akaja mpaka ofisini, akakaa kwenye benchi, akasema, "Bibi Shamba, sisi hatuna gari. Wewe unalo."

Nikasema tutashuka Masasi.

Tukaondoka asubuhi, mimi, yeye na wenzake wawili, na madumu manne nyuma yakigongana. Ile barabara ya kushuka kutoka Newala unaijua. Tuliipanda siku ile, na uliponipa usukani chini, vilipoanza kuonekana vilima vya mawe vya Masasi, uliniambia gari lishapoa, sasa niliendeshe kama mtu. Akina mama waliimba njia nzima. Mimi nilikuwa nawaza tangi, kwa sababu kwa hesabu za daftari langu nilikuwa na lita chache tu za kunifikisha, na sikuwa na za kunirudisha.

Sheli tuliyoingia silitaji jina lake, na haina haja. Foleni ilikuwa imefika barabarani. Masasi ilikuwa inahudumia watu wake na watu wa juu pia. Tulisubiri zaidi ya saa moja, jua linapiga kwenye bati, bodaboda wanapenya, wenye madumu wanaoneshana barua za watendaji wa vijiji, maana pale hawakujazii dumu bila barua. Ilipofika zamu yetu, nilishuka, nikafungua kifuniko, nikamkabidhi mjazaji barua ya mtendaji wetu, nikamwambia kwa sauti ambayo hata wa nyuma waliisikia: dizeli kwenye gari, petroli kwenye madumu. Nilisema mara mbili. Alikuwa kaka mmoja mrefu, jina lake Shaibu, nililijua baadaye. Akaitikia kwa kichwa.

Aliweka kwenye gari kwanza. Nilikuwa namtazama, lakini Baba, hapo ndipo nilipokosea, na nakuungamia. Kijana mmoja wa bodaboda aliyevaa kofia nyekundu alikuwa ameegemeza pikipiki yake kwenye bampa letu, na nikaenda kumwambia aiondoe. Niliporudi Shaibu alikuwa kwenye dumu la tatu. Nikafika kwenye tangi, nikagusa kama kawaida, nikafunga kifuniko. Nyuma honi zinalia. Mtu mmoja kwenye lori akapaza sauti kwamba mwanamke akishajua gari, foleni ndiyo imekufa. Watu wakacheka. Mimi nikaingia ndani nikiwa na hasira, nikitunga jibu ambalo lingekuja baada ya nusu saa.

Nikaingiza ufunguo.

Sijui nikuelezeje. Vidole vilivyoshika ufunguo vilikuwa vikavu. Ufunguo ule, ukishatoka kujaza mafuta, siku zote huteleza kidogo, na huwa nakasirika kwamba naupaka uchafu. Safari hii haukuteleza. Nikakaa nao hivyo, mkono umeshika, haujazungusha. Nikavinusa vidole. Nikautoa ufunguo.

Nilishuka nikamwambia Shaibu, kwa upole kabisa, kwamba ameweka petroli kwenye gari langu.

Akasema, "Dada, mimi nina miaka saba hapa. Washa twende."

Nikamwambia sitawasha. Akamwita msimamizi, mzee mwenye miwani aliyekuwa kwenye kibanda, na msimamizi akasema nisogeze gari kwanza mbele kidogo, hatua kumi tu, halafu tutaongea, maana naziba watu. Hatua kumi tu. Ilisikika kama jambo dogo sana, Baba. Foleni yote ilikuwa inanitazama, na mwili wangu wote ulitaka kuwaridhisha. Nikajua kama ufunguo ukibaki mkononi mwangu, nitawasha. Kwa hiyo nikaenda kwa Mama Somoe, nikampa, nikamwambia asinirudishie mpaka nimwombe mara tatu.  Akaufunga kwenye pindo la kanga yake, akakaza fundo kwa meno.

Halafu nikasema, kwa sauti, na sauti ilitoka:

"Gari hili haliwaki hapa. Mkitaka nafasi, tusukumeni."

Wakacheka tena. Yule wa kofia nyekundu akasema Bibi ameonja mchuzi ameukataa. Lakini Mama Somoe na wenzake walikuwa wameshazunguka nyuma, wameweka mikono kwenye bodi, na wanawake watatu wakianza kusukuma pikapu mbele ya wanaume thelathini, kicheko hakidumu. Nikaweka gia huru, nikashika usukani kwa dirishani. Kabla hatujafika ukutani, yule yule wa kofia nyekundu alikuwa anasukuma na sisi, na bado anatutania.

Pale pembeni, mbali na pampu, msimamizi akaja na Shaibu. Shaibu akaapa kwamba kila chombo amekiwekea mafuta yake. Hapo ikanijia kuyakagua na madumu. Nikafungua la kwanza, nikagusa. Likateleza. La pili, likateleza. Nilizifikiria mashine za akina mama alfajiri, zinapewa dizeli, zinakufa moja baada ya nyingine, na wale wanaosubiri washindwe wakiwa wamesimama mpakani mwa shamba.

Msimamizi akasema kidole si ushahidi. Ni kweli, akilini mwangu nilikubaliana naye. Basi nikachana karatasi kwenye daftari langu la kilomita, nikachora maduara mawili kwa kalamu, nikaiweka kwenye boneti. Kwenye duara la kushoto nikadondosha tone kutoka mdomo wa tangi. Kwenye la kulia, tone kutoka dumu. Nikasema tusubiri.

Baba, ungeuona mkutano ule. Waliokuwa wakipiga honi waliteremka. Wenye madumu walikuja na madumu yao. Wote wameinama juu ya boneti yako kama watu wanaosoma matokeo ya mtihani. Matone yote mawili yalitanuka. Kisha la kushoto likaanza kupungua kutoka pembeni, likapungua, likabaki kivuli, halafu hata kivuli kikaondoka. La kulia lilibaki pale pale, linang'aa, limelowanisha mpaka upande wa pili.

Mwenye lori, yule wa foleni imekufa, akawa wa kwanza kusema. Akasema, "Huyu angewasha, sasa hivi tungekuwa tunamzika." Alimaanisha gari.

Nikamwuliza Shaibu kwa nini. Sikumfokea. Nilitaka kujua kweli, kwa sababu alinisikia, nilimwona ananisikia. Akashika kichwa. Akasema akina mama wakija na madumu pale, siku zote ni dizeli ya mashine ya kusaga. Na dada akija anaendesha mwenyewe, siku zote ni petroli. Kwa hiyo niliposema kinyume, aliona nimechanganya.

"Nilikurekebisha, dada," akasema. "Nilitaka kukusaidia."

Nimelifikiria jibu hilo siku nyingi. Ningekuwa nimekosewa kwa uzembe ningeumia kidogo tu. Lakini huyu alinisikia vizuri, akanihurumia, akanirekebisha. Wangapi wamenirekebisha hivyo bila mimi kujua, kwa sababu hawakuacha tone la kugusa? Sikumjibu la kumuumiza. Nilimwambia safari nyingine aulize.

Msimamizi, nimsifu, hakubishana tena. Akataka kuita fundi. Fundi alikuwa Nachingwea. Nikasema sihitaji fundi, nahitaji beseni, mapipa na nafasi. Nikamwomba mtu mmoja aliyekuwa na sigara aende nayo mbali sana. Mama Somoe akatandika kanga yake ya pili chini, mimi nikatoa spana yako namba kumi na saba chini ya kiti, nikaingia chini ya gari. Nati ya tangi ilikataa kwanza. Nikakumbuka ulivyoniambia usivute kwa hasira, vuta kwa uzito wako. Ikalegea. Mafuta yakamwagika kwenye beseni, yakamwagika hadi kwenye kwapa langu, na nililala pale nikitazama chini ya gari ambako wewe umelala miaka yote ile, njia za Songea na Mbeya, na nikaona ulipoandika kwa patasi mwaka uliobadilisha tangi. Sikuwa najua kuwa umeandika. Niliweka kidole hapo.

Tulilisafisha tangi kwa dizeli safi kidogo, tukaimwaga nayo. Wakajaza upya. Wakayamimina madumu yote manne kwenye mapipa yao, wakayafuta ndani, wakajaza petroli, na kila moja nililigusa, mbele ya watu wote, polepole, bila aibu hata kidogo. Yule wa kofia nyekundu akahesabu kwa sauti: la kwanza limefaulu, la pili limefaulu. La nne watu wakapiga makofi.

Nikaenda kwa Mama Somoe kuomba ufunguo. Akanitazama tu. Nikaomba tena. Akaangalia pembeni. Nilipoomba mara ya tatu akafungua fundo, taratibu, akanikabidhi kwa mikono miwili kama unavyomkabidhi mtu mtoto, akasema, "Sasa nenda, mwanangu."

Likawaka mara moja. Ule moshi wake mweusi wa kwanza, halafu ule mlio wake wa mzee anayekohoa na kuendelea na hadithi. Hakuna aliyepiga honi.

Tulifika kijijini wakati wa magharibi. Alfajiri yake nilirudi kuwaona. Ukungu ulikuwa mzito mpaka huoni mtu wa hatua ishirini, lakini nilizisikia mashine zote tano zinanguruma shambani, mmoja baada ya mwingine anaingia mstari wake, na salfa inapanda kama moshi wa manjano kati ya mikorosho. Nilisimama pale nikasikiliza mashine moja baada ya nyingine kama fundi. Hakuna iliyokohoa. Leo ninapoandika, maua yale yameanza kushika korosho changa, ndogo kama kucha ya mtoto, na Mama Somoe ameniletea mihogo mikavu mizuri, ameniambia nikutumie wewe. Mwalimu atakuletea.

Wiki iliyopita nilishuka tena Masasi kwa kikao. Nikaingia sheli ile ile. Shaibu aliniona kwa mbali, akawapisha bodaboda kutoka upande wa kushoto, akaja mlangoni kwangu, siyo kwa bwana mkubwa wa ofisi aliyekuwa amekaa pembeni yangu, akasema, "Shikamoo, Bibi. Dizeli kwenye gari. Kuna madumu leo?" Mimi ni mdogo kwake, nikamrudishia shikamoo yake. Alipomaliza, hakufunga. Alisogea pembeni, akaniambia nilete kidole. Nikageuka nikamwona mtu na dumu lake la petroli anasugua vidole, na mwingine nyuma yake. Pale wanakiita kipimo cha Mbena, kwa kabila letu. Nimewaambia si cha Mbena yeyote, ni cha Mzee Ngailo wa Makambako, dereva.

Kwa hiyo, Baba, nakuomba umwambie Kaka Festo amshukuru mnunuzi na amwambie gari liko kazini. Mwaka jana nilikuomba nibaki nalo, na sikuwa na sababu yoyote zaidi ya kulitaka. Mwaka huu ninazo, na nimekueleza. Mbao za jiko nitazileta mwenyewe Desemba, juu ya bodi hiyo hiyo, kupitia Tunduru na Songea, na nitajaza tangi mara tatu njiani.

Nisalimie Mama sana, mwambie ninakula. Msalimie Kaka Festo bila kinyongo, na wifi yangu, na yule mwanao wa mwisho Upendo, mwambie asiache hesabu. Shangazi wa Ilembula mpe shikamoo yangu, na Baba Neema, fundi jirani yetu, mwambie spana yake kumi na saba aliyoitafuta miaka miwili ilikuwa chini ya kiti chako, na kwamba siirudishi.

Sasa fungua ile karatasi ndogo. Kuna maduara mawili ya kalamu. La kushoto utalikuta tupu. Liweke hata kwenye mwanga wa dirisha, hutaona kitu. La kulia usilitazame. Macho yako yameshaanza kukudanganya, lakini vidole havijawahi. Weka kidole hapo, usugue, kisha uniambie ni nini.

Ni mimi binti yako,

Tumaini Ngailo,
dereva.